Kabla hujakimbilia rafu: utafiti wa sheria kutoka meza ya mkutubi

"Dada, naomba sheria ya ardhi."

Ombi hilo nalisikia kuliko jingine lolote, na kila mara nalijibu kwa swali: ardhi ipi, na ya wapi? Tanzania peke yake ina Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya 1999, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka huohuo. Anayegombea shamba la kijijini ukimkabidhi ile ya kwanza atashinda kutwa nzima akisoma yasiyomhusu, na jioni ataondoka akiamini sheria haiko upande wake.

Nimekaa kwenye meza ya maktaba ya sheria miaka 19. Sijawahi kumsimamia mtu mahakamani, na sitakuambia kama kesi yako ina nguvu. Hilo muulize wakili. Kazi yangu ni kukufikisha kwenye andiko sahihi, tena likiwa bado hai. Neno hilo "hai" nitalirudia sana, kwa sababu wengi wanaotafuta sheria wanaipata. Taabu ni kwamba wanaipata ikiwa imeshakufa, wanaibeba hivyohivyo hadi mbele ya hakimu.

Andika tukio kwanza

Kabla ya kugusa kompyuta, chukua karatasi uandike kilichotokea kwa sentensi tano au sita, kama unavyomsimulia jirani. Nani alimfanyia nani nini, wapi, tarehe ngapi, na kuna hati gani mkononi. Usiandike "nimedhulumiwa". Andika "nililipa kodi ya miezi 6, mwezi wa tatu akabadilisha kufuli". Dhuluma haina kifungu. Kufuli linacho.

Kisha zungushia mambo matatu kwa kalamu. La kwanza ni mahali, maana sheria ina mipaka kama nchi ilivyo na mipaka, na penye serikali za majimbo, kama Marekani, mipaka hiyo iko hata ndani ya nchi moja. La pili ni aina ya mahakama au baraza litakalosikiliza, maana hukumu unayotafuta ni ile ambayo mahakama hiyo inalazimika kuifuata. Hukumu ya mahakama ya juu ya nchi hiyohiyo inaifunga mahakama ya chini. Hukumu ya nchi nyingine, hata iwe imeandikwa vizuri namna gani, ni ya kushawishi tu, na jaji anaweza kuisoma kwa furaha kisha akaiweka kando.

La tatu ni tarehe, na hiyo ndiyo huachwa. Haki za watu kwa kawaida hupimwa kwa sheria iliyokuwepo siku jambo lilipotendeka, si siku unayotafuta. Mkataba uliosainiwa miaka minane iliyopita unahitaji sheria ya miaka minane iliyopita, pamoja na lolote lililosemwa baadaye kuhusu mikataba ya zamani. Kwa hiyo ukiona nimetunza vitabu vilivyopitwa na wakati kwenye rafu za nyuma, usidhani ni uvivu wa kutupa. Kuna watu wanavihitaji kila wiki.

Lugha ya mtaani na lugha ya kifungu

Mtu anasema "nimefukuzwa kazi". Sheria ya kazi inasema "kusitisha ajira". Mtu anasema "mali ya marehemu", sheria inasema "mirathi". Anasema "kesi imepitwa na muda", sheria inasema "ukomo". Ukiandika neno lako la nyumbani kwenye kisanduku cha kutafutia, mashine itakujibu kwa utii kwamba hakuna kitu, nawe utadhani sheria haipo.

Tengeneza safu mbili kwenye karatasi ile: kushoto maneno yako, kulia maneno ambayo mtunga sheria angeyatumia. Kwa nchi zetu ongeza safu ya tatu, ya Kiingereza. Tanzania ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama kwa Sheria Namba 1 ya 2021, lakini lundo la hukumu na sheria za miaka mingi nyuma yake liko kwa Kiingereza na litaendelea kutumika. Anayetafuta kwa Kiswahili peke yake anaona kipande tu cha ukurasa.

Ujanja wa kutafuta wenyewe ni mdogo, na ukiujua mara moja unatumika karibu kila hifadhidata. Kirai ukikiweka ndani ya alama za nukuu, mashine hukitafuta kizima kizima kama kilivyo. Nyota mwishoni mwa mzizi wa neno huleta miisho yake yote. Anza na maneno mawili, si saba. Ukipata matokeo 900 ongeza neno moja. Ukipata 0 punguza. Na ukishapata ukurasa mmoja mzuri, acha kutafuta kidogo, usome maneno yaliyotumika mle, kisha rudi kwenye kisanduku na hayo. Huo mzunguko wa pili ndio huleta mavuno.

Anza na aliyekwisha kusoma

Wanafunzi hawapendi nikisema hivi: usianze na sheria yenyewe. Anza na kitabu cha mtaalamu, makala ya jarida, au ensaiklopidia ya sheria. Kwa Uingereza ipo Halsbury's Laws of England, inayochapishwa tangu 1907, na hata mahakama za nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza huichungulia. Mwandishi wa kitabu kama hicho ameshatumia miaka kuchambua kesi ambazo wewe ungezitafuta mwezi mzima. Mtumie akuonyeshe njia, halafu mwache. Mahakamani uzito uko kwenye sheria na hukumu, si kwenye tanbihi za profesa.

Ukishika kitabu, usikipekue. Nenda nyuma kwenye faharasa. Vitabu vya sheria vina faharasa nzuri kuliko vitabu vingi, na mbele huwa na orodha ya kesi na orodha ya vifungu vilivyojadiliwa. Una kifungu mkononi na hujui maana yake? Kitafute kwenye orodha hiyo, na dakika mbili zijazo uko kwenye ukurasa unaokihusu.

Kama nchi ni ngeni kwako kabisa, GlobaLex ya chuo kikuu cha New York ina miongozo ya nchi nyingi, inayoeleza mahakama zake zikoje na sheria zake zinapatikana wapi. Ni ya bure. Isome kabla ya kulipia chochote.

Wapi pa kusoma bila kulipa

Tovuti za kulipia kama Westlaw na Lexis ni nzuri, na maktaba nyingi za sheria zinazo. Uliza mezani kabla hujaweka fedha zako. Lakini sheria na hukumu zenyewe leo zinasomeka bure kwa sehemu kubwa. Wazo hilo lilianza Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1992, Australia ikafuata kwa AustLII mwaka 1995, Uingereza na Ayalandi wakapata BAILII. Kwetu kuna TanzLII kwa Tanzania, Kenya Law kwa Kenya, ULII kwa Uganda, SAFLII kwa Afrika Kusini, na AfricanLII inayotafuta katika nchi nyingi kwa pamoja. Sheria za bunge la Uingereza ziko legislation.gov.uk, za Umoja wa Ulaya ziko EUR-Lex.

Tovuti ya kampuni ya mawakili yenye makala ya "mambo 10 ya kujua kuhusu talaka" nayo ina faida yake, ila itazame kama tangazo la biashara. Angalia tarehe. Mara nyingi haina tarehe, na hilo pekee linatosha kuifunga.

Kifungu kinasomwa na ndugu zake

Hapa naomba uende taratibu. Mtu hunipigia picha ya kifungu kimoja kwa simu na kuniuliza, "Si hapa pameandikwa nina haki?" Namwambia nionyeshe kurasa za mbele. Karibu na mwanzo wa sheria kuna kifungu cha tafsiri, na humo neno la kawaida hupewa maana isiyo ya kawaida. "Mtoto", "mfanyakazi", "gari", "nyumba": kila sheria ina vyake. Kama neno halikutafsiriwa humo, tazama sheria ya jumla ya tafsiri. Tanzania hiyo ni Sura ya 1 ya sheria za nchi, na wala si bahati kwamba imewekwa ya kwanza.

Halafu kuna maneno madogo. "Kwa kuzingatia kifungu cha 12" maana yake kifungu cha 12 ndicho bwana, na hiki unachosoma kinamtii. "Bila kuathiri" ni kinyume chake kidogo: kile kingine kinabaki na nguvu zake. "Isipokuwa" huweza kufuta nusu ya furaha yako. Na "au" ikiwa mahali pa "na" imewahi kugharimu watu kesi. Mimi huzungushia maneno hayo kwa penseli kwenye nakala, si kwenye kitabu cha maktaba, tafadhali.

Nenda pia mwisho: majedwali yanabeba ada, fomu na orodha ambazo mwili wa sheria unazitaja tu. Na tafuta kanuni zilizotungwa chini ya sheria hiyo. Bunge huandika kwamba maombi yatawasilishwa "kwa namna itakayoelekezwa", na namna yenyewe iko kwenye tangazo lililochapishwa kwenye Gazeti la Serikali, wakati mwingine miaka kadhaa baadaye.

Je, bado iko hai?

Mwaka wangu wa pili kazini msomaji mmoja aliniomba sheria fulani ya taratibu. Nilimpa nakala safi, yenye jalada zuri. Marekebisho yake yalikuwa kwenye boksi la faili rafu ya chini, nami nilikuwa na haraka, sikuinama. Muda wa kukata rufaa ulikuwa umefupishwa. Alirudi wiki chache baadaye, akaiweka ile nakala mezani kwangu, akaifungua kwenye kifungu, akanitazama, asiseme neno. Tangu siku hiyo sijamkabidhi mtu sheria bila kuinama.

Kuinama huko kuna hatua zake. Sheria inaweza kuwa imepitishwa na haijaanza kutumika: Uingereza ilitunga Sheria ya Pasaka mwaka 1928 ya kuweka tarehe maalumu ya sikukuu hiyo, na mpaka leo haijawahi kuanza. Ipo kitabuni, inasomeka, haifanyi kazi. Kwa hiyo tafuta tarehe ya kuanza kutumika, si tarehe ya kusainiwa. Kisha tafuta marekebisho yote tangu toleo ulilonalo. Kwa Tanzania utakutana na matoleo ya 2002, 2019 na 2023 ya sheria moja. Kila unapoandika kifungu, andika na toleo lake, maana toleo jipya linaweza kuhamisha namba za vifungu. Hukumu ya zamani ikikutajia kifungu, usikimbilie namba hiyohiyo kwenye kitabu kipya. Linganisha maneno.

Na kuna kifo kisichoonekana kwenye ukurasa wa sheria. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 13 kama kilivyotungwa, inamruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Aliyeishia hapo alitoka na jibu lililo wazi kabisa. Lakini Mahakama Kuu mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu, iliamua kuwa vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya serikali mwaka 2019. Hukumu haifuti wino kitabuni. Nakala iliyopigwa chapa kabla ya 2016 haiwezi kukunong'oneza lililotokea baadaye.

Hukumu nazo huzeeka, na nyingine hupunguzwa badala ya kuuawa. Mfano ninaoupenda ni wa Kenya. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu, katika shauri la Muruatetu, ilisema kwamba adhabu ya kifo isiyomwachia jaji nafasi ya kuamua vingine ni kinyume cha Katiba. Mahakama za chini zikaanza kuitumia hata kwa wizi wa kutumia nguvu na makosa mengine. Tarehe 6 Julai 2021 mahakama ileile ikatoa maelekezo: uamuzi ule ulihusu kosa la mauaji tu. Aliyekuwa ameichapisha hukumu ya 2017 akaiweka kwenye faili lake hakuwa na kosa lolote machoni pake. Karatasi yake ilikuwa halisi, mhuri halisi, na hoja yake ilikuwa imemtoka chini ya miguu.

Utajuaje? Chukua jina la kesi, litafute lenyewe ndani ya alama za nukuu, upange matokeo kuanzia mapya. Soma kesi zilizokuja baadaye zilisema nini juu yake: zimeifuata, zimeitofautisha, au zimeikataa. Kisha fanya na upande wa nyuma: yenyewe ilitegemea kesi zipi, nazo zikoje leo. Kazi hiyo ni ya zamani. Mwaka 1873 huko Illinois, Frank Shepard alianza kuuza vikaratasi vyenye gundi vilivyoorodhesha kesi zilizotaja kesi nyingine, mawakili wakawa wanavibandika pembeni mwa kurasa za vitabu vyao. Leo mashine za kulipia hukuwekea alama nyekundu au ya njano. Usiiamini rangi. Fungua kesi iliyoleta rangi hiyo, maana huenda imeipinga kwa jambo lisilokuhusu kabisa.

Ukisoma hukumu yenyewe, usiishie kwenye muhtasari wa juu. Huo mara nyingi ni wa mhariri, si wa jaji. Angalia pia aya uliyoipenda ni ya nani: nimeona mtu akinakili kurasa mbili tamu kumbe ni za jaji aliyebaki peke yake, wenzake wote wakiwa upande wa pili. Na aya nyingine ni maelezo ya jaji kuhusu alichosema wakili, kabla hajakikataa.

Zile herufi na mabano

[1932] AC 562. Hii ni rejea ya kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson, ile ya konokono kwenye chupa ya kinywaji. AC ni mfululizo wa ripoti za rufaa, 562 ni ukurasa. Mabano ya mraba yanasema mwaka ndio unaokuonyesha kitabu. Bila huo hukipati. Mabano ya duara yanataja mwaka tu, kitabu unakipata kwa namba ya juzuu. Rejea za siku hizi hazitegemei kitabu: zina mwaka, kifupi cha mahakama na namba, TZCA ikiwa Mahakama ya Rufani ya Tanzania, KESC Mahakama ya Juu ya Kenya. Vifupi vya zamani vina mitego. TLR inaweza kuwa Tanzania Law Reports, na inaweza kuwa Times Law Reports ya London. Ukikwama, kuna Cardiff Index to Legal Abbreviations mtandaoni, bure.

Akili mnemba

Sina ugomvi nayo. Naitumia kutafuta maneno ya ile safu ya kulia, na inafanya vizuri. Lakini rejea ikitoka humo, kwangu ni uvumi mpaka niione hukumu yenyewe. Mwaka 2023, katika shauri la Mata dhidi ya Avianca huko New York, mawakili waliwasilisha kesi walizopewa na ChatGPT. Zilikuwa na majina, majaji, hata nukuu, hazikuwahi kuwepo. Jaji akawatoza dola 5,000. Kilichonisikitisha ni kwamba mkutubi yeyote angezitafuta kesi zile kwa dakika kumi akawaambia hazipo. Tangu hapo wasomaji wawili wameniletea rejea za namna hiyo, na mmoja alinikasirikia mimi, akidhani maktaba yangu ndiyo pungufu.

Daftari, na wakati wa kuacha

Utajua umefika pale vyanzo vipya vinapoanza kukutajia vilevile ulivyokwisha kusoma. Kesi tatu zikikurudisha kwenye hukumu ileile, na kitabu kikakurudisha hapohapo, funga. Kama hujapata kitu kabisa, nalo ni jibu, lakini tu kama unaweza kuonyesha ulitafuta wapi.

Ndiyo maana nasisitiza daftari. Lisiwe la kupendeza. Liwe na tarehe, mahali ulipotafuta, maneno uliyotumia, ulichosoma, na kilichobaki. Na asubuhi ya siku ya kesi, kabla ya kutoka nyumbani, tafuta tena jina la hukumu unayoitegemea. Huu ni ukurasa wangu mmoja, wa msomaji wa kufuli:

"Jumanne. Mpangaji kufungiwa nyumba, kodi ililipwa. TanzLII: 'mpangaji' + 'kufuli' matokeo 0, 'pango' + 'kuondolewa' mengi, kwa Kiingereza zaidi. Nimesoma 6, zinazofaa 2, moja ya Mahakama Kuu. Waliotaja hiyo baadaye: 4, nimesoma 3. Kanuni: bado. Tarehe ya mkataba: hakuileta, arudi nayo Alhamisi."